Mwenye ufunguo: historia ya wafanyakazi wa maduka ya Bunia na majeraha yao

Wakaaji wa Bunia wanapokumbuka vita vilivyopita katika mji wao, wengi huhesabu mali. Mabati yaliyong'olewa juu ya nyumba. Mifuko ya sukari na chumvi iliyobebwa kichwani mchana kweupe. Vitambaa, redio, baiskeli, magodoro. Mali hukumbukwa kwa sababu mali ina mwenyewe, na mwenyewe ana daftari.

Lakini kila duka lililovunjwa lilikuwa na mtu aliyeshika ufunguo. Mara nyingi huyo hakuwa patroni. Patroni alikuwa Butembo, Kampala au Kinshasa, au alikuwa amekwisha kukimbia. Aliyebaki alikuwa muuzaji wa mshahara mdogo, kijana wa kubeba mizigo, au mzee wa kulinda usiku, yule ambaye watu huita santineli. Watu wenye silaha walipofika, swali la kwanza halikuwa "mali ni ya nani?" Lilikuwa "ufunguo uko wapi?" Na aliyechelewa kujibu alipigwa.

Historia ya watu hao haijaandikwa mahali pamoja. Ukiifuata tangu wakati wa Wabelgiji hadi leo, jambo moja linarudi kila mara: mfanyakazi wa duka hupigwa mara mbili. Mara ya kwanza na mwizi au askari. Mara ya pili na hesabu, pale anapoambiwa alipe kilichopotea.

Kapita na manko

Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, na miaka michache baadaye migodi ilianza kufanya kazi. Mwaka 1926 migodi ya Kilo na Moto iliwekwa chini ya kampuni moja. Maelfu ya wanaume waliokuwa wakichimba walihitaji chakula, nguo, chumvi na sabuni. Bidhaa nyingi zilitoka upande wa Uganda, zikavuka Ziwa Albert kwa meli kutoka Butiaba hadi Kasenyi, zikapanda mlima kwa barabara kwenda Irumu na Bunia. Ndipo wafanyabiashara Wagiriki na Wahindi walipofungua magazini zao katika eneo hili.

Mwenye duka alikuwa mgeni, lakini nyuma ya meza ya kuuzia alisimama Mkongomani. Aliitwa kapita. Neno hilo lilitumika kwa wasimamizi wa kazi za aina nyingi, na katika biashara kulikuwa na kapita muuzaji, aliyekabidhiwa duka dogo mbali na makao ya patroni wake. Alipewa bidhaa kwa hesabu, akauza kwa bei aliyopangiwa, akatunza pesa mpaka siku patroni atakapopita.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuogopwa. Bidhaa zilihesabiwa, pesa zikahesabiwa, na kilichopungua kiliitwa manko. Neno hilo lingali hai katika maduka ya Bunia hadi leo, na vijana wengi wanaolitumia hawajui kwamba lina umri wa babu zao. Panya akila unga, ni manko. Mvua ikinyesha ndani ya depo, ni manko. Mwizi akiingia usiku, mara nyingi nayo ilikuwa manko, kwa kuwa kapita hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba si yeye.

Sheria ya wakati huo haikuwa upande wake. Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 kuhusu mkataba wa kazi kati ya Wakongomani na wale walioitwa "mabwana waliostaarabika" iliruhusu mfanyakazi aliyevunja mkataba wake kufungwa gerezani. Na gerezani kulikuwa na chikoti. Kwa hiyo kapita aliyepigwa na wezi usiku alikuwa na sababu ya kuogopa asubuhi kuliko usiku wenyewe.

Hapo ndipo mazoea yalipoanza. Duka lilijengwa juu ya wazo kwamba mwenye ufunguo ndiye mshukiwa wa kwanza. Ukoloni uliondoka, lakini wazo hilo lilibaki.

Sheria ya 1961 na maduka yaliyobadilika mikono

Mwaka mmoja baada ya uhuru, tarehe 29 Juni 1961, Kongo ilipata sheria-amri ya usalama wa jamii. Ilianzisha INSS, taasisi ya kukusanya michango ya waajiri na wafanyakazi. Sheria hiyo ilihusu pensheni, posho za familia, na hatari za kazini. Hili la mwisho ndilo linalohusu majeraha. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: mtu akiumia kazini au kwa sababu ya kazi, gharama si yake peke yake. Ni ya mfuko ambao mwajiri wake amekuwa akiuchangia.

Kwa wafanyakazi wa migodi na wa ofisi za serikali, sheria hiyo ilikuwa na uzito. Kwa kijana wa dukani ilikuwa mbali. Ili afaidike, patroni alipaswa kuandikisha duka lake, kumwandikisha yeye, na kulipa kila wakati. Maduka mengi hayakufanya hivyo.

Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza mpango wa zairianizasioni. Maduka, mashamba na kampuni ndogo za wageni zilitolewa kwa raia wa Zaire, na waliopewa mara nyingi walikuwa watu wa karibu na utawala. Ituri haikubaki nyuma, kwani biashara yake ilikuwa bado mikononi mwa Wagiriki, Wahindi na wageni wengine. Nchini kote, wengi wa waliopewa waliuza kilichokuwemo na hawakuagiza kingine. Rafu zikabaki tupu. Mwaka 1976 Mobutu aliruhusu wenye mali wa zamani warudishiwe sehemu ya mali yao, lakini wengi hawakurudi.

Wafanyakazi hawakuulizwa neno. Bosi alibadilika kwa tangazo la redio. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi kwa Mgiriki alijikuta mbele ya patroni mpya asiye na karatasi zake wala haja nazo. Michango ya INSS, kama ilikuwepo, ikapotea njiani.

Baada ya hapo biashara ya Bunia ilishikwa zaidi na zaidi na wafanyabiashara Wakongomani, wengi wao Wanande kutoka Butembo na Beni, pamoja na wenyeji wa Ituri. Walikuwa wepesi, walijua barabara za Uganda, na walifanya kazi kwa ukoo. Mpwa alisimama dukani, binamu alilala depo. Jambo hilo lilileta imani kati ya mwenye duka na muuzaji, lakini liliondoa karatasi ya mwisho iliyobaki. Nani atamwandikia mpwa wake mkataba?

1996: askari wanaokimbia

Mwezi Septemba 1991 askari wa Mobutu wasiolipwa vizuri walipora Kinshasa, na uporaji ukaenea katika miji mingine. Januari 1993 ukarudi. Nchi nzima ilijifunza neno pilaje.

Bunia ililijua kwa ukali mwishoni mwa mwaka 1996. Wakati AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipokuwa ikipanda kutoka Kivu, askari wa FAZ walikimbia mbele yake. Walipita Butembo, Beni na Bunia wakielekea Kisangani, na njiani walipora na kubaka. AFDL iliingia Bunia mwezi Desemba.

Askari anayekimbia hana muda. Hachagui bidhaa, hatafuti mwenyewe. Anataka pesa, gari, na mtu wa kumbebea mizigo. Huyo wa kubeba alikuwa mara nyingi ni yule aliyekutwa mlangoni. Ndiyo maana katika uporaji wa aina hii mfanyakazi wa duka alikuwa na hatari ya namna tatu: kupigwa ili afungue, kupigwa kwa kudaiwa kuficha, na kuchukuliwa na mzigo begani kuelekea porini.

2002 na 2003: duka na kabila

Vita vilivyoanza teritware ya Djugu mwezi Juni 1999 vilibadilisha jambo moja kubwa. Zamani mporaji aliuliza ufunguo. Sasa aliuliza pia jina, na jina likajibu swali la kabila.

Jeshi la Uganda lilikuwa Bunia tangu mwaka 1998, na viongozi wa mji walibadilika mara kwa mara kulingana na nani alikuwa na silaha na rafiki gani. Tarehe 9 Agosti 2002 UPC ya Thomas Lubanga, ikisaidiwa na jeshi la Uganda, ilimfukuza gavana Jean-Pierre Molondo Lompondo. Katika siku hizo na miezi iliyofuata, watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao, na hakuna jamii ya Ituri iliyosalimika katika vita hivyo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2003 ilieleza jinsi wafanyabiashara Wanande walivyolengwa Bunia, maduka yao yakaporwa na baadhi yao wakauawa.

Mfanyakazi wa duka alikuwa katika hali ngumu kuliko wengi. Kazi yake ni kuonekana. Mkulima anaweza kujificha shambani, mwalimu anaweza kufunga mlango wa nyumba yake. Muuzaji husimama barabarani mwaka mzima, anajulikana kwa jina, kwa lugha ya mama, kwa mji anakotoka. Kila mteja aliyewahi kukopeshwa sabuni anamjua. Siku ya amani huo ni utajiri wake. Siku ya vita ndilo jambo lililomponza. Na wapo waliouawa au kupigwa kwa sababu ya kabila la patroni, si lao.

Tarehe 6 Machi 2003 jeshi la Uganda na wanamgambo wa Kilendu waliifukuza UPC mjini, na uporaji ukafuata. Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Mei, Uganda ikamaliza kuondoa askari wake. Wanamgambo wa pande mbili wakapigania mji. UPC ilirudi katikati ya mwezi huo. Zaidi ya watu 400 waliuawa katika siku hizo za Mei. Maduka, ofisi, soko na maghala ya misaada viliporwa. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, ambako kikosi kidogo cha Uruguay hakikuwa na nguvu ya kuzuia.

Tarehe 30 Mei 2003 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na mwezi Juni operesheni Artemis, ikiongozwa na Ufaransa, iliingia mjini. Ilikaa hadi tarehe 1 Septemba. Madaktari wa MSF walifungua hospitali mahali panapoitwa Bon Marché, jina la kidukani, kwani kwa Kifaransa maana yake ni bei nafuu. Huko ndiko majeruhi wengi wa mji walikoshonwa vidonda vya risasi na vya panga, na wanawake waliobakwa wakapata matibabu. Katika daftari la hospitali mtu ni mgonjwa. Kazi yake haiandikwi kama sababu ya jeraha. Kwa hiyo muuzaji aliyepigwa risasi mlangoni mwa depo na mpita njia aliyepigwa risasi barabarani wote walitoka na karatasi ya namna moja: jeraha la risasi. Kwa daktari inatosha. Kwa sheria ya kazi, nusu ya habari imepotea.

Mahakama zilihesabu nini

Baadaye mahakama za dunia ziliangalia Ituri, na ni vizuri familia zilizokimbia zijue zilisema nini kuhusu uporaji.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilimkuta Germain Katanga na hatia mwezi Machi 2014 kwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, na uporaji ulikuwa miongoni mwa makosa hayo. Tarehe 8 Julai 2019 ilimkuta Bosco Ntaganda na hatia ya makosa 18, na humo pia kuna uporaji. Akahukumiwa miaka 30. Hukumu hizo ziliweka wazi kwamba kupora mali ya raia katika vita si "kujilipa" kwa askari. Ni uhalifu wa kivita.

Kwa upande mwingine, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, iliamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilikuwa mtawala wa kijeshi katika Ituri na ilibeba jukumu la madhara yaliyotokea humo. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo ilipanga fidia: dola milioni 225 kwa madhara kwa watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa mali asili. Jumla ni dola milioni 325, zilipwe kwa miaka mitano. Serikali ya Kongo ilikuwa imeunda mfuko wa FRIVAO, wenye makao Kisangani, ili kugawa pesa hizo kwa wahanga.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Mahakama ilitoa kwa watu zaidi ya mara tano ya ilichotoa kwa mali. Kwa majaji wa The Hague, mwili wa mtu ulikuwa na uzito kuliko rafu. Lakini walitoa kiasi kwa jumla, kwa makadirio, kwa sababu ushahidi wa mtu mmoja mmoja haukutosha. Mwenye depo angeweza kuleta hati za forodha na risiti za Kampala. Aliyevunjwa mkono mlangoni pa depo hiyo angeleta nini? Mara nyingi kovu tu, na majirani waliokwisha kutawanyika.

Bunduki zikabaki, kazi ikahama mikono

Baada ya mwaka 2003 mji ulikua haraka. Watu walirudi, wengine wapya wakaja, majengo ya ghorofa yakapanda. Mwezi Desemba 2017 machafuko yalianza tena Djugu, na maelfu ya familia zikaingia Bunia, zikakaa katika viwanja vya hospitali, ISP, na baadaye Kigonze. Tarehe 6 Mei 2021 hali ya kuzingirwa iliyotangazwa na serikali ilianza kutumika katika Ituri na Kivu Kaskazini, na wanajeshi wakachukua uongozi wa majimbo.

Hatari ya mfanyakazi wa duka haikuisha, ila ilibadilika sura. Uporaji mkubwa wa mji mzima ulipungua. Ukaja wizi wa jioni na wa usiku, wa watu wachache wenye silaha, wakati mwingine wamevaa sare ambazo mkaaji hawezi kujua ni za nani kweli. Tangu mwaka 2012 pesa za simu zimeenea nchini, na kila kona sasa ina kabini: meza, mwavuli, simu kadhaa na bahasha ya dola na franka. Anayekaa hapo mara nyingi ni msichana au kijana peke yake. Benki ina ukuta, yeye ana mwavuli. Jioni anapofunga, pesa zote hutembea naye hadi nyumbani, na wezi wanaijua njia yake kama anavyoijua yeye.

Kuna pia siku za mji kufungwa, zile ambazo watu huita vilimorte. Patroni anayeogopa hasara humwambia muuzaji afungue nusu mlango. Vijana wa barabarani wakiona nusu mlango, jiwe halimfuati patroni nyumbani kwake. Linampata aliye mlangoni.

Na ni nani anayefanya kazi hizi leo? Usalama ukipungua, kazi ya hatari huenda kwa asiye na kitu. Baba aliyeacha ng'ombe na shamba Djugu au Irumu anakubali kulinda usiku kwa mshahara ambao mkaaji wa zamani angeukataa. Binti aliyekatiza masomo anakaa kabini kwa asilimia ndogo. Wanaanza bila karatasi, bila kufahamiana na majirani wa duka, na bila kujua kwamba kuna sheria inayowahusu. Wale waliokimbia bunduki kijijini wanawekwa mbele yake mjini.

Haki inadai kusema pia kwamba patroni wengi wa Bunia si matajiri. Mjane mwenye meza moja ya vitambaa ndiye patroni, ndiye muuzaji, ndiye santineli wake mwenyewe. Yeye pia hupigwa, na mkopo wa bidhaa humsubiri. Lakini mwenye mali, hata mdogo, ana kitu cha kuhesabu. Asiye na mali ana mwili tu.

Manko haijafa

Kinachouma zaidi ni kwamba pigo la pili, lile la kapita wa zamani, bado lipo. Duka likivamiwa, mara nyingi asubuhi hesabu hufanywa, na kilichokosekana huandikwa kwa jina la muuzaji au la mlinzi. Anakatwa mshahara miezi mingi, au anafukuzwa, au familia yake inaombwa kuuza kitu. Wengine hupelekwa polisi kama washukiwa huku bandeji ikiwa kichwani.

Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Tena baadhi yake ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ndiyo msingi wa sheria ya madeni nchini, inasema kwamba mtu aliyezuiwa kutimiza wajibu wake na nguvu isiyozuilika hadaiwi fidia. Watu wenye bunduki usiku ni nguvu isiyozuilika. Kama muuzaji hakushirikiana nao na hakuzembea, bidhaa walizobeba si deni lake.

Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016, ina mambo matatu ambayo kila muuzaji na santineli angefaa kuyajua. La kwanza, kukosa mkataba wa maandishi hakumwondolei mtu haki. Mfanyakazi anaweza kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote, hata kwa mashahidi. La pili, kibarua wa kutwa aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili kwa mwajiri mmoja, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kudumu. Neno "wewe ni wa kutwa tu" lina mwisho wake. La tatu, mwajiri ana wajibu wa kumtibia mfanyakazi wake wakati mkataba unaendelea.

Kuhusu majeraha, sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyofuata ile ya 1961, na INSS imegeuzwa kuwa CNSS tangu mwaka 2018. Ajali ya kazi ni ile inayompata mfanyakazi kazini au kwa ajili ya kazi, vyovyote chanzo chake. Njia ya kwenda kazini na kurudi nyumbani imo ndani. Kwa hiyo msichana wa kabini aliyekatwa panga akirudi nyumbani jioni na pesa za kazi, kama ameandikishwa, ana ajali ya kazi, si "bahati mbaya". Mchango wa mwajiri kwa hatari hizo ni asilimia 1.5 ya mshahara. Kwa mshahara wa dola 60, hiyo ni senti 90 kwa mwezi, chini ya bei ya kufuli moja nzuri. Kuna michango mingine, ya pensheni na ya posho za familia, nayo ndiyo inayowaogopesha wenye maduka. Lakini sehemu ya majeraha yenyewe ni ndogo hivyo.

Dunia nayo imeanza kusema waziwazi. Tarehe 21 Juni 2019, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini. Mkataba huo hauwahusu wenye karatasi peke yao. Unataja wafanyakazi wa aina zote, hata wa biashara zisizoandikishwa, hata wanaojifunza kazi, na unataja pia ukatili unaohusisha watu wa nje. Mawazo hayo yangemfaa kapita wa mwaka 1930 kama yanavyomfaa kijana wa leo.

Kilichotokea jirani

Mwaka 2025 ulikumbusha kwamba haya si mambo ya zamani. Mwishoni mwa Januari, M23 ilipoingia Goma, maduka na maghala yaliporwa. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Mwezi huohuo askari wa Uganda waliingia Bunia, safari hii kwa makubaliano na serikali ya Kongo, na mji ukaishi kwa uvumi. Wengi wa wenye mali walihamisha bidhaa. Wachache walifikiri nani atabaki na ufunguo.

Maduka ya Bunia yamejifunza mengi kutokana na historia yake. Milango ni ya chuma, madirisha yana nondo, pesa hazilali dukani, na bidhaa za thamani hugawanywa katika depo mbili au tatu. Yote hayo ni ya kulinda mali. Kwa ajili ya mtu, mambo machache yasiyo na gharama kubwa yangetosha kuanza: jina la kila mfanyakazi na siku aliyoanza vikiandikwa mwanzoni mwa daftari la mauzo, karatasi ya hospitali ikitaja kwamba aliumia akiwa kazini, taarifa ikipelekwa kwa Inspeksioni ya Kazi na si polisi tu, na agizo moja la wazi kutoka kwa patroni kwamba wakija wenye silaha, ufunguo utolewe bila kubishana.

Agizo hilo la mwisho lina thamani kuliko kufuli. Santineli wengi wamekufa wakilinda mifuko ya sukari kwa sababu waliogopa manko kuliko bunduki. Sukari ilipatikana tena baada ya wiki mbili, kwa lori kutoka Uganda.

Babu aliyekuwa kapita Kilo hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kilichoporwa si deni lake. Mjukuu wake anayelala mbele ya depo usiku huu, na hema la familia yake liko Kigonze, anaweza kuambiwa leo.